Namna ya Kufuatilia Matangazo Mubashara ya Video Unaporusha kwa OBS na YouTube

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanaoanza kurusha video mubashara ni yale yale kila wiki. Mmoja anauliza kwa nini jamaa zake wa Muscat wanaona kiduara kinazunguka ilhali kwenye kompyuta yake picha ni safi kabisa. Mwingine anataka kujua kama fremu 400 zilizopotea, yaani zile picha moja moja zinazounda video, ni nyingi au ni jambo la kawaida. Wa tatu ana bando la gigabaiti 10 na harusi ya saa tatu, naye anahofia kwamba watazamaji wakiwa wengi bando litakwisha kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mtu mwenye kompyuta moja, kamera moja au mbili, programu ya kurushia video iitwayo OBS Studio na chaneli ya YouTube, ambaye anarusha harusi, maziko, mihadhara au ibada.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Video yako inapita vipande vitatu vya njia. Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kamera hadi kompyuta ilipomaliza kuibana, yaani kuipunguza ukubwa ili isafirike. Cha pili ni kutoka kwenye kompyuta hadi seva ya YouTube. Cha tatu ni kutoka kwenye seva hiyo hadi simu ya mtazamaji. Kila kipande kina namba zake na mahali pake pa kuzisoma, na namba za kipande kimoja hazikuambii lolote kuhusu kingine. Wengi wanaohangaika hawana vifaa vibovu. Wanatibu kipande cha kwanza wakati ugonjwa uko kwenye cha pili.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye OBS Studio, pamoja na nafasi ya kutosha kwenye diski ya kuhifadhi rekodi.
- Chaneli ya YouTube iliyokwisha kuruhusiwa kurusha mubashara. Ruhusa ya mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo usiiombe asubuhi ya shughuli yenyewe.
- Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta.
- Simu janja iliyo kwenye mtandao tofauti na ule unaorushia.
- Visikizi vya masikioni.
- Daftari, kalamu na saa.

Hatua kwa hatua

1. Pima kasi ya kupakia, mahali penyewe na saa yenyewe. Kinachokuhusu ni kasi ya kupakia. Kasi ya kupakua, ambayo ndiyo watoa huduma hupenda kuitangaza, haikusaidii kitu katika kazi hii. Ingia speedtest.net au fast.com, pima mara tano kwa muda wa nusu saa, uandike matokeo yote, kisha uchukue lile la chini kabisa kuwa ndilo la kweli.

Kosa la kawaida ni kupima saa 10 jioni ukumbi ukiwa mtupu. Saa 3 usiku ukumbi huo huo una wageni mia tatu, kila mmoja ana simu mfukoni, na simu zote hizo zinagombania mnara ule ule unaoutegemea wewe. Kama unarushia mtandao wa simu na huna namna ya kupima watu wakiwapo, basi ikate namba yako nusu kabla ya kuipangia chochote.

2. Panga kasi ya biti, kisha kadiria bando. Kasi ya biti (bitrate) ni kiasi cha data unachotuma kila sekunde. Kasi ya video isizidi nusu ya ile kasi ndogo kabisa uliyoipima. Ukipata megabiti 6 kwa sekunde, usivuke kilobiti 3,000. Mimi, kwa shughuli nyingi za ukumbini, hutumia picha ya 720p yenye fremu 30 kwa sekunde, video ya kilobiti 2,500 na sauti ya kilobiti 128, na fremu kuu (keyframe), yaani picha kamili ambayo zinazofuata huitegemea, kila baada ya sekunde 2. YouTube hulalamika fremu kuu zikipita sekunde 4, na ukiliacha pengo hilo likawa kubwa watazamaji ndio watakaokwamakwama.

Hesabu ya bando ni rahisi. Video 2,500 na sauti 128 ni kilobiti 2,628; ukizigawa kwa 8 unapata takriban kilobaiti 329 kwa sekunde, na ukizidisha kwa sekunde 3,600 unapata gigabaiti 1.2 kwa saa. Harusi ya saa tatu inakula kama gigabaiti 3.6; tenga 5, kwa sababu majaribio nayo yanakula. Watazamaji wakiongezeka bando lako haliguswi, kwa kuwa wewe unapeleka nakala moja tu YouTube, na YouTube ndiyo inayowagawia wengine. Mambo hubadilika ukiwa na seva yako mwenyewe: hapo watazamaji 300 wa megabiti 2.5 kila mmoja wanadai megabiti 750 kwa sekunde, na seva ya bei nafuu itaelemewa muda mrefu kabla hujafika huko.

3. Rusha jaribio la dakika 20. Chagua "Unlisted" ili video isionekane na umma lakini uweze kuifungua kwenye simu yako kwa kiungo. Dakika mbili hazitoshi. Kompyuta ya mkononi huanza kupunguza kasi yake baada ya kupata moto, na ukiiweka juani au juu ya kitambaa cha meza ya ukumbini itapata moto mapema zaidi.

Wakati huu huu, zima kwenye mipangilio ya matangazo kile kitufe cha "Auto-stop". Kikiwa kimewashwa, mtandao ukikatika kwa muda YouTube inaweza kuyafunga matangazo moja kwa moja, na ukirudi utalazimika kuanzisha mengine yenye kiungo kipya, ambacho hakuna mtazamaji aliyenacho.

4. Fungua dirisha la "Stats" na ujifunze kutofautisha hasara tatu. Dirisha hili limo ndani ya OBS, kwenye menyu ya "Docks", na ndilo chombo kikubwa cha mwongozo huu. Bonyeza "Reset" sekunde chache kabla ya kuanza, ili takwimu za majaribio zisichanganyike na za shughuli.

Utaona aina tatu za fremu zilizopotea, na wanaoanza huziona zote kuwa ni kitu kimoja. Fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchorwa, "rendering lag", zinaonyesha kwamba kadi ya picha imezidiwa. Fremu zilizorukwa kwa kuchelewa kubanwa, "encoding lag", zinaonyesha kwamba kichakata, au enkoda, yaani sehemu inayobana video, imeelemewa. Fremu zilizoangushwa, "dropped frames", hazina uhusiano wowote na nguvu ya kompyuta: OBS ilikwisha kuzitengeneza vizuri, lakini mlango wa kutokea ulikuwa umeziba, ikabidi izitupe ili isizidi kuchelewa. Mbili za kwanza ni za kipande cha kwanza cha njia, na ya tatu ni ya kipande cha pili. Nimemwona kijana ameazima kompyuta ya gharama kubwa ili kutibu fremu zilizoangushwa. Aliporusha nayo, namba ilibaki pale pale, maana ruta ilikuwa chumba cha tatu na yeye alikuwa akitumia Wi-Fi.

Sasa tuzijibu zile fremu 400. Ukirusha fremu 30 kwa sekunde, saa moja ina fremu 108,000, na asilimia 1 yake ni fremu 1,080, yaani sekunde 36 za picha. Fremu 400 ndani ya saa moja ni chini ya nusu ya asilimia. Zikiwa zimetawanyika, hakuna atakayezigundua. Zikianguka kwa mpigo mmoja ni sekunde 13, na sekunde 13 zinatosha kummeza bwana harusi anapotamka "nimekubali". Kwa hiyo usisome asilimia peke yake, angalia namba inapanda kwa mtindo gani. Ikipanda kidogokidogo, punguza kasi ya biti utakapopata nafasi. Ikitulia na kuruka kwa mikupuo, tafuta kitu kinachoingia na kutoka kwenye mtandao: mtu anayepakia picha, simu inayohifadhi nakala zake, au mgeni aliyepewa neno la siri la Wi-Fi.

Tazama pia kasi halisi ya kutoka. Ukipanga 2,500 na dirisha likaonyesha namba inayochezea karibu na hapo, mambo ni shwari. Ikishuka hadi 900 kisha ikapanda, mlango wa kutokea unabana hata kama rangi ya alama iliyo chini ya dirisha bado ni ya kijani.

5. Fuatilia sauti kwa masikio, usitegemee macho. Mtazamaji huvumilia picha ya ukungu, lakini sauti ikikatika anaondoka. Mazungumzo yacheze kwenye eneo la njano la kipimo cha OBS, yaani baina ya desibeli -20 na -9, na yasigande kwenye nyekundu.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Katika shughuli moja nilikaa nikifurahia takwimu: hakuna fremu iliyoanguka, kasi imetulia, alama zote ni za kijani. Baada ya dakika ishirini ukaingia ujumbe kutoka kwa mama mkubwa aliye Muscat: "Mwanangu, tunaona midomo tu." Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa kwenye OBS, na hakuna namba hata moja katika "Stats" ambayo ingeniambia, kwa sababu ukimya nao hubanwa na kusafirishwa kama sauti nyingine yoyote. Tangu siku hiyo huvaa visikizi na kusikiliza kile kinachotoka YouTube, wala si kile kinachotoka kwenye kamera, kwa dakika moja kila baada ya dakika kumi.

6. Soma afya ya mtiririko upande wa YouTube. Fungua chumba cha udhibiti wa matangazo na uangalie sehemu ya "Stream health". Hapa YouTube inakueleza kile ilichokipokea, ambacho si lazima kiwe kile ulichodhani umekituma. Ikisema haipokei video ya kutosha, nawe huku OBS inaonyesha fremu zinaanguka, mashahidi ni wawili na kesi imekwisha: tatizo liko kipande cha pili. Ikisema hivyo huku OBS haionyeshi hasara yoyote, kagua kwanza kama kasi uliyopanga ni ndogo mno kwa ukubwa wa picha unaoutuma.

Katika ukurasa huo huo utachagua muda wa ucheleweshaji, yaani mtazamaji aone tukio sekunde ngapi baada ya kutokea. Kwa harusi, maziko na mihadhara chagua ule wa kawaida. Ucheleweshaji mdogo sana unawafaa wanaojibizana na watazamaji, lakini gharama yake ni kwamba simu ya mtazamaji inabaki na akiba ndogo ya video, na mtandao wake ukiyumba kidogo tu kiduara kinaanza kuzunguka. Shangazi aliye ng'ambo hana haja ya kuona sekunde tano mapema.

7. Kuwa mtazamaji wa kwanza wa matangazo yako. Fungua kiungo kwenye simu iliyo kwenye mtandao mwingine. Ukitumia Wi-Fi ile ile unayorushia, umejidanganya mara mbili: hupimi njia ya mtazamaji, na unaiongezea mzigo njia yako mwenyewe. Washa "Stats for nerds" kwenye mipangilio ya YouTube, kisha usome mambo mawili: akiba ya video iliyokwisha kufika kwenye simu, ambayo huhesabiwa kwa sekunde, na umbali wako kutoka kwenye tukio halisi. Akiba ikizidi kushuka kuelekea sifuri, mkwamo unakuja hata kama bado hujauona.

8. Hesabu watazamaji bila kujidanganya. Namba inayoonekana wakati wa matangazo ni ya wanaotazama kwa dakika hiyo, na ni tofauti na jumla ya mara zilizotazamwa, ambayo huwa kubwa zaidi. Tena inahesabu vifaa, haihesabu macho. Sebule moja ya ukoo mzima iliyowasha televisheni ni mtazamaji mmoja tu.

Namba ikishuka ghafla, usikimbilie mipangilio. Linganisha dakika ya kushuka na kile kilichokuwa kikitokea. Ikiwa imeshuka pamoja na fremu kuanguka, sababu ni ya kiufundi. Ikiwa imeshuka wakati chakula kinagawiwa na kamera inaonyesha migongo ya watu waliopanga foleni, sababu unaijua. Usisahau saa pia: Oman iko mbele yetu kwa saa moja, na London iko nyuma kwa saa mbili wakati wa majira yao ya joto na saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo kundi kubwa linaweza kuingia muda ambao wewe hukuutegemea.

9. Andika kila baada ya dakika kumi. Andika saa, fremu zilizoangushwa, kasi halisi, idadi ya watazamaji na malalamiko yaliyofika. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: "3:40, imeanguka 212, kasi 2,480, watu 143, mmoja Dubai analalamika." Kazi hii inaonekana ya kizamani, lakini dirisha la OBS linakuonyesha hali ya sasa na jumla, halikukumbushi tatizo lilianza saa ngapi, na saa ndiyo itakayokuonyesha chanzo.

10. Baada ya shughuli, soma kumbukumbu. Kwenye menyu ya "Help" ya OBS kuna faili za kumbukumbu, na mwishoni mwa faili ya siku hiyo utakuta hesabu za zile hasara tatu. Ihifadhi pamoja na ukurasa wako wa daftari. Upande wa YouTube tazama kilele cha watazamaji wa wakati mmoja, wastani wa muda wa kutazama na nchi walizotoka, lakini subiri siku mbili au tatu, kwani takwimu hizo hazikamiliki usiku ule ule.

Mambo yakienda mrama

Kanuni moja kabla ya yote: badilisha kitu kimoja, subiri dakika tatu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua dawa ilikuwa ipi, na safari ijayo utaanza upya.

*Mtazamaji mmoja analalamika, wengine kimya.* Muulize yuko wapi na anatumia mtandao gani. YouTube huwa imekwisha kutengeneza nakala ndogondogo za video yako, kwa hiyo mwambie ashushe ubora hadi 360p au 240p. Usipunguze kasi yako kwa ajili yake. Wakilalamika watu watatu kutoka mitandao mitatu tofauti, hapo tatizo ni lako.

*Fremu zinaanguka mfululizo.* Hakikisha uko kwenye waya, ondoa vifaa vingine kwenye mtandao, kisha shusha kasi ya biti hadi 1,500. OBS ina chaguo, kwenye mipangilio ya "Advanced", la kuiruhusu ipunguze kasi yenyewe njia inapoziba. Picha itakuwa na ukungu kwa muda badala ya kuganda, na kwa maoni yangu ukungu ni afadhali.

*Mtandao wa simu unakatika kila baada ya muda.* Angalia kama simu inayotoa mtandao inapigiwa. Kwenye baadhi ya simu na mitandao, simu ikiingia data inashuka daraja au inasimama kabisa. Tumia laini ambayo namba yake haijulikani na mtu, kwa sababu siku ya harusi kila mtu anakutafuta.

*Hakuna fremu zinazoanguka lakini picha inarukaruka.* Hii ni kompyuta. Funga kivinjari chenye kurasa ishirini, hamishia kazi ya kubana kwenye kadi ya picha kama inayo uwezo huo, na uitafutie kompyuta upepo. Ukubwa wa picha hauwezi kubadilishwa katikati ya matangazo bila kusimamisha, ndiyo maana jaribio la hatua ya tatu linahitaji dakika 20.

*Sauti na midomo haviendi pamoja.* Ikiwa tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, irekebishe kwenye mipangilio ya sauti ya "Advanced" kwa kuichelewesha sauti milisekunde chache. Ikiwa inazidi kukua kadiri muda unavyokwenda, kagua kama vifaa vyote vya sauti vimepangwa kwenye kilohezi zile zile, ama 44.1 ama 48.

*Kila kitu kimekufa kwa wakati mmoja.* Kabla ya kugusa chochote, mpigie mtu aliye mtaa mwingine na mtandao mwingine. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilizo chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania, Kenya na nchi kadhaa za jirani, na siku hiyo hakuna mpangilio wa OBS ambao ungemsaidia mtu. Kwa ajili ya siku kama hiyo, washa rekodi kwenye diski yako kila unaporusha, na uihifadhi kwa muundo wa MKV, kwa kuwa umeme ukikatika faili ya MP4 ya kawaida isiyofungwa vizuri huwa haifunguki tena, wakati ile ya MKV inabaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde za mwisho. OBS yenyewe itaigeuza kuwa MP4 baadaye, nawe utaipandisha YouTube mtandao utakaporudi.